Nibebe Nini? Mzigo wa Baiskeli na Hema kwa Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikishakata huku kwetu, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano hivi, ndo msimu wa kutoka na baiskeli unaanza na ndo msimu ambao watu wananiuliza lile swali, kaka nibebe nini? Na karibu wote wanaanza na kilomita. Iringa mpaka Mbeya ni kilomita 300 na ushee, je mabegi ya lita ngapi, je nguo jozi ngapi, je spea gani. Mi huwa nawarudishia swali: utalala wapi? Maana kwenye hizi nyanda za juu mzigo haupangwi kwa kilomita, unapangwa kwa mwinuko wa pale utakapolaza ubavu usiku.

Chukua njia ninayoipenda kuliko zote. Unatoka Iringa mjini, Mafinga, Makambako, unakunja kushoto kwenda Njombe, unapanda Makete, unavuka Kitulo, unatokea Isyonje, alafu unaanza kushuka, Tukuyu, Kyela, Ipinda, mpaka Matema pale Ziwa Nyasa. Iringa iko mita 1,500 na kitu, Njombe inakaribia 2,000, uwanda wa Kitulo unapita 2,600, na ziwa liko chini ya mita 500. Hewa inapoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwahiyo hapo kati ya Kitulo na Matema una tofauti ya nyuzi 12 au 13 kwa siku chache tu za kunyonga pedali, ndani ya safari moja, na begi ni lilelile. Mwezi wa sita na wa saba kule juu asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu, alafu wiki hiyohiyo unalala Matema umejifunika shuka tu na shida yako kubwa ni mbu. Kilomita hazikuambii hayo.

Kwahiyo mi naanza na kitanda. Kabla ya mifuko, kabla ya spea, kitanda kwanza, kwa sababu ukikosa usingizi usiku mmoja kule juu kesho yake huna miguu, na hakuna gia itakayokusaidia kwenye mlima. Na kwenye kitanda chenyewe watu wanakimbilia blanketi wakati baridi mbaya inatokea chini. Iko hivi: kinachokupa joto kwenye blanketi au slipingi begi ni hewa iliyokaa katikati ya nyuzi, sasa ukilala juu yake uzito wako unaiminya hewa yote inatoka, mgongo unabaki unagusana na ardhi, na ardhi inanyonya joto lako mpaka kunakucha. Ndo maana mtu anajifunika mablanketi mawili ya maana na bado anatetemeka, anadhani anahitaji la tatu, kumbe anahitaji kitu chini yake. Tafuta kile kigodoro chepesi cha kuviringisha, kile wanachofanyia mazoezi ya viungo, povu lake halinywi maji. Sponji la kawaida la godoro achana nalo, likilowa halikauki na ukilalia linabonyea lote. Na kama unapita Kitulo mwezi wa saba ongeza chini yake kile kizuia jua cha kioo cha gari, chenye upande wa kung'aa, hakina uzito kabisa na tofauti yake utaisikia kiunoni usiku huohuo.

Slipingi begi hauhitaji kuagiza popote, nenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya kwenye mitumba. Kuna mama ninayenunua kwake, huwa anayaweka chini kabisa ya rundo la mablanketi kwa sababu wateja wake wengi hawana kazi nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unatafuta nini?"

"Yale magunia ya kulalia."

"Yapo mawili, chagua mwenyewe ila usinitawanyie mzigo."

Ukilipata usiangalie rangi. Linyanyue mbele ya jua, mwanga upite ndani, uone kama pamba yake imetawanyika sawasawa au imejikusanya mabonge huku na sehemu nyingine zimebaki kitambaa kitupu, hizo sehemu tupu ndo baridi itaingilia. Likunje, likandamize kwa mikono miwili, achia, alafu tazama: zuri linafura taratibu lenyewe, lililochoka linabaki limelala. Vuta zipu mpaka mwisho kwenda na kurudi. Na soma lebo, mara nyingi ina namba tatu za nyuzijoto, ile ya juu ni ya kulala kwa raha na ndo ya kuiamini, ile ya chini kabisa ni ya kunusurika, maana yake hutakufa lakini usingizi hakuna. Mi nashauri la pamba ya kutengenezwa kuliko la manyoya, najua ya manyoya ni mepesi na yanajikunja madogo, lakini Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini na hata kiangazi ukungu unashuka, manyoya yakilowa yanashikana na joto linaisha, haya mengine hata yakiwa na unyevu bado yanakupa kitu.

Hema liwe la tabaka mbili, neti ndani na turubai nje. Neti ni kwa ajili ya ziwani. Na kule juu kwenye baridi usilifunge lote ukidhani unatunza joto, pumzi yako inageuka maji kwenye turubai na saa kumi alfajiri inakudondokea, acha kimlango wazi kidogo.

Haya, mifuko. Wageni wanaotoka Cairo kwenda Cape Town kwa baiskeli wanapita hapa Mbeya kuelekea Kasumulu, mpakani na Malawi, ukiwaona wana ile mifuko ya pembeni ya Ortlieb isiyopitisha maji, mizuri sana kwa kweli na inadumu, lakini bei yake kwa mtu wa hapa unanunua baiskeli nzima. Mi nilienda kwa fundi anayeshona maturubai ya malori.

"Fundi, nataka mifuko miwili ya kuning'iniza kwenye keria."

"Kama ya punda?"

"Kama ya punda, ila ifunguke upesi na mdomo ukunjwe mara tatu."

Alielewa palepale. Turubai la lori ni zito kidogo ila halichaniki, na mshono ukipitishiwa gundi maji yanapata shida kuingia. Kuna wanaokata madumu ya lita 20 juu wakafunga bolti, kuna wanaotumia ndoo za rangi zenye mfuniko wake, hizo ndoo ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri, maji hayaingii kabisa na jioni unaigeuza unakalia. Kwa ndani mi naweka mfuko mwingine, ule wa plastiki nzito unaokuja ndani ya mifuko ya PICS ya kuhifadhia mahindi. Mfuko mmoja wa PICS una ile mifuko ya plastiki miwili ndani ya gunia moja, kwahiyo una mfuko wa kila upande. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 watu wengi wamekosa kitu cha kukinga nguo na mvua, na hii ya PICS inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Slipingi begi na nguo za kulalia zikae humo, mdomo uusokote uufunge. Vingine vyote vikilowa ni sawa tu, hivyo viwili visilowe.

Kuhusu upangaji wenyewe, kama unataka kujifunza simama barabarani asubuhi uwaangalie watu wa mkaa wanaoshuka kuingia mjini, au wale wa ndizi huko Rungwe. Hawa watu wanabeba mzigo ambao mi na wewe hatuwezi hata kuusukuma, na baiskeli zao hazina gia. Angalia gunia lilivyokaa: limesogezwa mbele, karibu na siti, halijaning'inia nyuma ya ekseli. Angalia linavyofungwa, sio kamba ya manila, ni vipande vya tyubu. Kamba haivutiki, mzigo ukishuka kidogo kamba inalegea na ndo basi. Mpira wa tyubu unaufuata mzigo kila unapokaa. Chukua tyubu chakavu ya bodaboda, ikate kwa urefu vipande vya upana wa vidole viwili, funga ncha moja kwenye chuma cha mbele cha keria, vuta kwa nguvu mpaka mpira uwe mwembamba, zungusha, vuta tena, na ncha ya mwisho usiipige fundo, ichomeke chini ya mzunguko uliotangulia, inajibana yenyewe na jioni mkono ukiwa umeganda kwa baridi unaichomoa bila kuhangaika. Mi natembea na vipande kadhaa vya akiba vimezungushwa kwenye fremu, vimeshawahi kuwa mkanda, kamba ya kuanikia nguo, na kifungio cha fito ya hema iliyopasuka.

Vizito vikae chini na karibu na katikati. Maji, spea, sufuria, chakula, hivyo vyote chini kwenye mifuko ya pembeni. Hema juu ya keria. Slipingi begi na kigodoro, vile vikubwa ila vyepesi, vinaweza kwenda mbele kwenye usukani. Usirundike kila kitu nyuma, kwenye kupanda tairi la mbele linakuwa jepesi linayumba, unajikuta unapigana na usukani badala ya kupanda, na huo uzito wote unaangukia spoku za nyuma. Alafu hakikisha kisigino hakigongi mfuko ukiwa unanyonga. Ukimaliza shika siti uitikise baiskeli kwa nguvu kushoto kulia. Kinachocheza hapo nyumbani kitacheza zaidi kwenye rafu rodi ya Kitulo.

Na uzito jumla? Watu wanaogopa uzito bila kujua unafanya nini hasa, kwahiyo tupige hesabu. Kilo 10 za ziada kuzipandisha mita 1,000 zinahitaji kazi ya joule 98,000. Kama miguu yako inatoa wati 100 mfululizo, ambayo ni kasi ya mtu wa kawaida anayepanda bila kujiua, hizo kilo 10 zinakuongezea dakika 16 hivi. Dakika 16 tu! Kwenye mpando wa nusu siku. Kwahiyo sijawahi kukubaliana na wanaokata mpini wa mswaki alafu wanaacha sweta nzito. Beba joto, beba kigodoro, ukubali hizo dakika. Ila kumbuka upande wa pili, hizohizo kilo zinateremka na wewe, na kutoka Kitulo mpaka ziwani ni zaidi ya mita 2,000 za kushuka, hapo uzito wote uko kwenye breki. Mzigo wangu bila maji na chakula naupenda uwe kati ya kilo 15 na 18.

Spea nazo zina kanuni yake na hapa ndo watu wanabeba karakana nzima bila sababu. Huku kwetu kila kijiji chenye maduka mawili kina fundi baiskeli chini ya mti, ana pampu, ana viraka na solusheni, ana spana, anajua kazi kuliko mimi. Lakini wengi wao kazi yao ya kila siku ni baiskeli za gia moja, zile Phoenix. Kwahiyo beba kile ambacho yeye hana: kifaa cha kufungulia friwili yako ya gia nyingi, yaani zile gia za gurudumu la nyuma, spoku zenye urefu sawa na za magurudumu yako, hasa za upande wa mnyororo maana ndo zinazokatika na bila kufungua friwili hazipachikiki, waya wa gia, kiungio cha mnyororo, raba za breki, na kile kipande cha aluminiamu kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, ambacho kila fremu ina cha kwake na kikivunjika Bulongwa hupati kingine mpaka Dar. Elenki, zile spana za pembe sita, lazima. Tyubu ya akiba moja au mbili, na kama una uhuru wa kuchagua nunua rimu zinazotumia valvu nene ile ya pikipiki, pampu yoyote ya bodaboda itakujazia, zile valvu nyembamba za baiskeli za mashindano zinakuacha unategemea pampu yako peke yake. Tairi za inchi 26 bado ndo rahisi kupatikana kwenye miji yetu midogo. Na bolti za keria zipake rangi ya kucha kwenye nyuzi kabla ya kukaza, zisifunguke kwa mtikisiko, alafu kila asubuhi zipitie kwa mkono.

Jikoni kuna jambo moja la kisayansi ambalo kila anayelala Kitulo anakutana nalo. Maji kule hayachemki kwa nyuzi 100, yanachemka kwenye 91 hivi, kwa sababu kila ukipanda kama mita 300 kiwango kinashuka nyuzi 1. Maji ya kunywa yakichemka hivyo bado yako salama kabisa, lakini maharage makavu sahau, utamaliza mafuta yote na bado yanagonga meno. Kwahiyo kwa usiku wa juu beba unga, dagaa, karanga, viazi uvikate vidogo, parachichi za Njombe. Mchele wa Kyela usubiri uushushe huko Kyela kwenyewe. Chakula usinunue cha safari nzima, nunua cha leo na kesho asubuhi, soko liko kila mahali isipokuwa ukishaondoka Makete kupanda juu, hapo ndo ujaze.

Jiko, nisikilizeni vizuri wale wenye majiko ya vile vimtungi vidogo vya gesi: vingi ni butane, na butane inaacha kugeuka mvuke ikifika karibu na nyuzi 0. Saa kumi na mbili asubuhi Kitulo unawasha hakuna kitu. Kama ndo ulicho nacho lala na mtungi ndani ya slipingi begi. Lakini pia vikikuishia Makete sijui utanunua wapi kingine, wakati mafuta ya taa yanauzwa kwa kupima kwenye chupa. Jiko la mafuta ya taa linanuka, ni kweli, lifunge kwenye mfuko wake upande usio na chakula. Simu na pawabanki navyo vilale na wewe, betri ikipoa sana inajizima na asubuhi unakosa ramani.

Nguo sina mengi. Jozi moja ya kuendeshea, jozi moja kavu ambayo haivaliwi barabarani hata iweje, sweta ya sufu, kofia, soksi nene, glavu, koti la mvua, kanga au shuka la kimasai kwa kila kazi nyingine. Kwa kushuka vaa koti kabla hujaanza, sio katikati ya mteremko ukiwa umeshapigwa na upepo na jasho.

Kwenye barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, vaa rifleksa ya bodaboda na ufunge sidemira moja upande wa kulia, ile ya pikipiki inafaa ukiikatia. Malori ya Zambia na Kongo hayana pa kukukwepea kati ya Mafinga na Makambako, na kuanzia Igawa mpaka Uyole ndo kabisa, kwahiyo ukimwona nyuma yako lori na mbele yako lori, toka lami, shuka, mpishe. Ukiwa na mzigo mzito kutoka lami kunahitaji mkono tulivu, jizoeze na mzigo ukiwa umefungwa kabla ya siku ya safari.

Mwisho kabisa kuna mfuko mdogo wa usukani, ambao unatoka nao ukishuka kwenye baiskeli: kitambulisho cha NIDA, hela ndogondogo, dawa, tochi ya kichwa. Hema haliwekwi popote tu. Ukifika kijijini kabla jua halijazama uliza kwa mwenyekiti au mtendaji, jitambulishe, toa kitambulisho mwenyewe kabla hujaombwa, sema unatoka wapi na kesho unaelekea wapi, na ndani ya hifadhi ya Kitulo usifunge hema bila kulipia na kuonyeshwa sehemu. Salimia kwa lugha ya pale, kamwene kwa Wahehe na Wabena, ndaga fijo ukipewa kitu Rungwe. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule au nyuma ya kanisa, na mara nyingi kuna mama atakuletea maji ya moto bila kuombwa. Kwa ajili yake beba sukari nusu kilo na pakiti ya majani ya chai, nunua Mafinga, chai yenyewe inalimwa hapohapo Mufindi, uiweke juu kabisa kwenye mfuko wa kulia usije ukaanza kupekua mzigo mzima mbele za watu.